Kava la Injini Chini ya Kitanda

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alianguka kutoka juu ya ngazi akipaka chokaa nyumba ya watu, na hakuinuka tena. Hapo ndipo shida ilipoingia kwetu. Nilikuwa darasa la tatu. Nilitolewa shule mwezi ule ule, na kusoma kwangu kumebaki pale pale: gazeti nalisoma, lakini kwa kutikisa midomo. Haya ninayoyaandika mjukuu wangu ameyapitia akaweka nukta na mikato. Maneno ni yangu, na aibu iliyomo ni yangu pia.

Mama alipata kazi ya kuosha masufuria ya harusi. Asiyekulia Mombasa huenda asiijue kazi hii. Pilau ya harusi hupikwa kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kulala ndani akajinyosha. Wageni wakishakula na kuondoka na marashi yao, wapishi wakishafunga visu vyao, ndipo sisi tulipoingia uani. Tulikuwa na jivu, ndimu zilizokamuliwa tayari, na kumbi la nazi. Mama alisugua nje penye masizi, mimi nikaingizwa ndani ya sufuria na miguu yangu. Aluminiamu ukiisugua hutoa weusi. Si masizi, ni wenyewe mwili wake unaotoka. Weusi ule huingia kwenye mistari ya kiganja na kwenye kucha, na hautoki kwa sabuni.

Madrasani wasichana tulikuwa tukipangwa wawili wawili, tushikane mikono tuvuke barabara. Aliyeshikanishwa na mimi alikuwa akijifuta kwenye leso yake tukishavuka. Hakusema neno baya. Alijifuta tu. Mimi si mtu wa kulialia na sikulia, lakini tangu siku hizo mikono yangu nikiwa mbele ya watu huificha kwenye buibui.

Niliolewa, nikaachwa, nikaolewa tena, nikafiwa. Juu ya waume sina la kusema. Nilizaa binti mmoja, naye akafariki na kuniachia mtoto wa miaka minne, msichana. Baba wa mtoto alikwenda kwao Malindi akaoa mwingine. Nikamlea mimi, kwa masufuria yale yale, ila sasa nilikuwa sioshi harusi tu, naosha na ya mikahawa ya Makadara.

Ni mkahawani Makadara nilipoikuta kazi nyingine. Pikipiki za bodaboda zilikuwa zimeshajaa mjini, na karibu na mkahawa palikuwa na fundi wa pikipiki, mtu wa bara, Mkristo, mnene, mwenye maneno mengi. Alikuwa akila maharage yake akaona sufuria iliyoegeshwa ukutani.

"Hii sufuria ni mpya?" akauliza.

"Ina umri kukushinda," nikamwambia.

Akaja akaigonga, akaigeuza, akajitazama ndani yake. Kisha akaniletea kava la injini. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha, juu yake nyeusi, juu yake nyekundu, na zote zinabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Wenye pikipiki hapa kisiwani wanapaka rangi injini kwa sababu ya chumvi. Upepo wa bahari ukiishika aluminiamu huitia unga mweupe, kisha huitoboa. Lakini rangi ikipasuka ni mbaya zaidi, maana chumvi huingia chini yake ikala bila kuonekana. Hapo hakuna dawa ila kuivua rangi yote mpaka chuma kibaki kitupu, kisha ndipo upake upya.

"Mimi nakwaruza na kisu, na kisu kinatia mikwaruzo," fundi akasema. "Wenzangu wanachemsha na kostiki soda, linatoka jeusi, limeliwa mashimo mashimo. Wewe utaweza, mama?"

Nikamwambia, "Kwani wewe hujaona sufuria iliyopikiwa maharage kwa magadi inavyogeuka rangi? Kostiki ni magadi makali. Aluminiamu haipendi magadi, mzee. Lete hapa."

Basi nikajifunza mwenyewe. Kuna dawa ya kutoa rangi, nzito kama ute, inauzwa kwenye maduka ya rangi. Unaipaka kwa brashi, unafunika kwa karatasi ya nailoni isikauke, unaliacha kava kivulini. Baada ya muda rangi hujikunja kama utando wa maziwa ya moto. Hapo usitie kisu. Mimi nilikuwa nakwangua kwa kipande cha kifuu cha nazi kilichonolewa, maana kifuu kina makali ya kuinua rangi lakini hakina nguvu ya kukata aluminiamu. Matundu ya oili unayaziba kwa vitambaa kwanza, uchafu usiingie ndani ukaja kuua injini ya watu. Pale linapokaa gaskiti, ile karatasi ya kuzuia oili, unapita kwa kidole tu, kwa kitambaa, hata kifuu hukitii, kwa sababu ukipagusa pakapata alama, oili itavuja na lawama itakuwa yako. Mwisho sabuni, maji mengi, kisha kumbi laini mpaka ling'are.

Kazi ikanishika. Fundi wa Makadara akaleta, na mafundi wengine wakaleta, mpaka kutoka Shimanzi kwenye yadi za malori walikuwa wakituma makava. Nikaacha masufuria. Nikajenga. Mjukuu wangu nikamsomesha mpaka akamaliza chuo cha mambo ya bandari. Jioni alikuwa akikaa juu ya pipa lililopinduliwa uani akifanya hesabu zake huku mimi nakwangua, na akichoka alikuwa akinisomea maandishi ya kwenye kopo: usivute moshi, usiguse macho, vaa glavu.

Mimi najisifu na sioni vibaya. Kisiwa kizima hiki, kwa kuvua rangi kava la injini, hakuna aliyenishinda. Lakini nilikuwa nikifanya kazi ile mlango umefungwa. Wenye pikipiki nikawazoesha kupita mlango wa nyuma, wa kichochoroni. Nikiulizwa harusini nafanya shughuli gani, nilijibu, "Biashara ndogo ndogo tu." Watu wakidhani nauza mabajia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa mwezi wa tatu, joto la kukata roho, mjukuu wangu akaja kukaa karibu yangu akaanza kukunja pindo la gauni lake la deshi. Nikajua kuna neno.

"Nyanya, kuna watu wataka kuja."

"Watu gani?"

"Watu wa kwao."

Kijana alikuwa karani kwenye ghala moja Shimanzi. Walijuana kazini. Kwao ni Kuze, ndani ya Mji wa Kale, watu wa miaka mingi, wenye kusomesha dini na kuheshimiwa. Wanaume walikuwa wameshasemezana na baba yake wa Malindi, naye kakubali kwa simu bila hata kuzima redio. Yaliyobaki ni ya wanawake. Bibi mkubwa wa nyumba ile, nyanyake kijana, alitaka kuja mwenyewe kumuona binti na kuiona nyumba. Ndiye mwenye kauli. Akisema ndiyo, siku inatajwa. Akinyamaza, limekwisha.

Mjukuu wangu hakuwa msichana wa kutaka mambo mengi. Huyu kijana alimtaka. Nilimuona kwa anavyolaza sahani kabatini siku hizo, polepole, kama zote ni za harusi.

Wiki ile ile fundi wa Makadara akaniletea kava la mtu wa bodaboda aliyekuwa na rafiki yake kwenye gati. Yule rafiki alimpa rangi ya meli, ile inayopakwa tumbo la meli chini ya maji, nyekundu ya damu ya mzee, na yeye akaipaka injini nzima akidhani amepatia. Fundi akanicheka.

"Mama, hii hutaiweza. Hii inakaa baharini miaka na haitoki."

Angesema kitu kingine ningelikataa lile kava. Nyumba ilikuwa inataka kupakwa chokaa, mapazia yanataka kufuliwa, wageni wanakuja. Lakini mtu ananiambia sitaweza.

"Liweke hapo," nikasema. "Na mwenyewe asije siku ya Alhamisi. Nina wageni."

Dawa yangu ya kawaida ilikaa juu ya rangi ile kama maji juu ya jani la mgomba. Nikatafuta iliyo kali zaidi. Nikapaka, nikafunika, nikakwangua, ikatoka ngozi nyembamba, chini yake nyekundu ile ile. Nikarudia. Glavu zangu zilikuwa zile nyembamba za zahanati; dawa ikazila, zikalainika zikanata vidoleni, nikazivua nikatupa. Nikaendelea mikono mitupu. Najua nilichofanya. Kopo nimesomewa mara ngapi. Lakini kava lilikuwa linakubali, upande mmoja ulishaanza kung'aa, na mimi nikishaanza huwa siachi.

Lilitoka. Rangi yote ya meli ilitoka, na kava likawa jeupe kama yai. Mikono yangu ikawa imechunika kwenye vidole, na mistari yote ya kiganja imejaa weusi kuliko siku zote.

Jumatano jioni nikakaa nikaitazama. Ada ya kwetu, wageni wa namna ile wakishakaa, mwenye nyumba mwenyewe huwapaka uturi viganjani, mmoja baada ya mmoja, mkono wako ndani ya mkono wake. Nikamuona yule bibi wa Kuze ananyosha kiganja chake cheupe. Nikamuona anajifuta.

Nikafanya jambo la kijinga ambalo mwanamke wa Kipwani tu ndiye angelifikiria. Nikatia piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea kama hina. Nikasema moyoni, mkono mweusi wenye maua si uchafu tena, ni urembo. Nikatoka nikanunua piko, nikachanganya, nikajichora mwenyewe: maua makubwa juu ya kiganja, na vidole nikavipaka vyote vyeusi mpaka kwenye kifundo.

Mjukuu wangu alipoingia akaniona, akaketi kitako sakafuni kwa kucheka.

"Nyanya! Anayeposwa ni mimi ama ni wewe?"

"Nyamaza. Wazee pia wajipamba."

"Na piko? Umri huu? Watasema nyanya ataka mume wa tatu!"

Nilicheka naye. Hakujua kwa nini nimejipamba, na sikumwambia.

Piko ni dawa kali, na ngozi yangu ilikuwa imeshachunwa na dawa nyingine. Kulipokucha mikono imevimba kama mikate ya mofa. Maua yote yameinuka yakawa malengelenge. Siwezi kukunja kidole. Mjukuu wangu akashtuka, akataka kuniita gari nipelekwe hospitali, akataka kuwapigia simu watu wa Kuze wasije.

"Thubutu," nikamwambia. "Nipe zile glavu zangu nyeusi za kuvalia buibui."

Walikuja baada ya swala ya alasiri, wanawake watatu, bibi mkubwa mbele. Mwembamba, amenyooka, sauti ndogo ambayo humfanya kila mtu ainame ili amsikie. Tukasalimiana kwa kirefu kama inavyopasa, akauliza afya yangu, nikauliza yake, akauliza ya nyumba, nikauliza ya watoto. Nimefukiza udi mpaka huoni ukuta. Joto la mwezi wa tatu, nguo zinashikana na watu, na mimi mwenye nyumba nimekaa ndani mwangu na glavu nyeusi.

Akanitazama. "Mwenzangu, waona baridi?"

Wale wengine wakacheka kidogo, na mimi nikacheka.

"Niliungua, bibi. Mafuta ya sambusa."

"Pole. Mikono yote miwili?"

"Yote miwili."

"Hizi hizi sambusa?" akauliza, akiinua moja kwenye sahani.

"Hizo hizo."

Sambusa zilikuwa za kununua, na nadhani aliujua mkono wa mpishi wake, maana ni mtu wa Kuze huyo huyo. Akaila.

Ulipofika wakati wa uturi sikuweza kumpaka mtu. Nikamsogezea chupa. Nikasema, "Karibuni, jipakeni." Nyumba ya Waswahili, mgeni mkubwa, unampa chupa ajipake mwenyewe kama yuko dukani! Alijipaka. Mjukuu wangu alikuwa ameshaitwa, amekaa pembeni kwenye mkeka na leso yake ya kisutu, macho chini, na nilimuona ule uso ukiinuka kidogo ukanitazama mimi.

Hapo mlango wa nyuma ukagongwa. Si kugongwa, ni kupigwa.

"Mama! Mama wa rangi!"

Nikajifanya sikusikia.

"Mama wa kutoa rangi! Kava langu! Pikipiki imelala kwa fundi tangu Jumatatu, mimi nitakula nini?"

Bibi mkubwa akageuza kichwa. "Aita nani huyo?"

Nami nikapaza sauti, kwa kiburi chote nilichonacho, nikamjibu yule mwenye pikipiki kupitia dirishani: "Nyumba si hini!"

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeanza kujishuku akili, "Si ni hapa, mama? Si wewe ndiye unaongea?"

"Nimekwambia nyumba si hini! Hakuna mtu wa rangi hapa. Potelea mbali!"

"Lakini fundi ameniambia uliitoa. Ile ya meli. Amesema hakuna mwingine Mombasa angeitoa." Sasa alikuwa anabembeleza. "Mama, nimekukosea nini?"

Mjukuu wangu aliinuka. Hakunitazama. Aliingia chumbani, akapiga magoti na nguo zake za kuposwa, akavuta kava kutoka chini ya kitanda nilikolificha, limefungwa kwenye taulo. Akapita nalo mbele ya wageni wote, miguu mitupu, akafungua mlango wa nyuma. Nikamsikia anamwambia, "Samahani ndugu yangu. Nyumba ni hii. Nyanya mikono yake inamuuma leo." Yule kijana akapiga mluzi. "Yaani hii ndiyo yangu? Wacha! Mwambie nyanya Mungu amzidishie." Akaenda zake akiimba.

Mjukuu wangu akarudi akakaa pale pale pembeni. Mimi nilikuwa nimetazama sinia. Nasema kweli, baba yangu alipokufa nilikuwa na pa kutazama. Siku ile sikuwa napo.

Bibi mkubwa akanusa hewa. "Kumbe hiyo ndiyo harufu," akasema taratibu. "Nimekaa hapa nikidhani nyumba ina kunguni, mumetia dawa. Nikaona haya kuuliza."

Hakuna aliyecheka. Wakanywa kahawa iliyobaki, wakaaga vizuri, wakavaa viatu. Siku ya harusi haikutajwa.

Jioni ile nilimngoja mjukuu wangu anigombeze. Ningepata pa kujitetea. Badala yake alikuja na beseni la maji ya chumvi, akanivua glavu polepole, na ile ngozi ilipokuja na glavu akafumba macho. Kisha akasema:

"Nyanya, shuleni waliniuliza wewe wafanya kazi gani. Nikasema una karakana. Chuoni pia nilisema. Huyu mchumba mwenyewe nilimwambia siku ya kwanza, na akamwambia nyanyake. Wale wanawake walikuja wakijua."

Nikamtazama.

"Walikuwa wakijua tangu mlangoni," akasema. "Walikungoja useme."

Alimwaga maji, akaenda kulala. Na mimi nikabaki na mikono yangu juu ya mapaja kama vitu vya mtu mwingine. Nilidhani nimekuwa nikimkinga mtoto yule na aibu yangu. Kumbe yeye alikuwa anajivuna nami kila alikopita, na mimi nyuma yake nafuta.

Siku zikapita. Simu ya Kuze haikulia. Kijana alimwambia mjukuu wangu kwamba nyanyake hataki kuzungumzia jambo lile, na kwamba akiulizwa husema, "Bado nafikiri." Mjukuu wangu alikuwa anakwenda kazini na kurudi. Sahani aliziweka kabatini kama kawaida, kwa kelele.

Fundi akaja kuniona. "Mama, watu wanauliza, umefunga?"

"Nimeumwa mikono."

"Yule wa rangi ya meli anakusifu mji mzima. Anasema ulimtukana vizuri sana."

Nikamfukuza. Lakini alipokwenda nikavaa buibui. Glavu niliziacha juu ya kitanda.

Kutoka kwangu mpaka Kuze si mbali, lakini nilikwenda kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani. Nilimkuta bibi mkubwa amekaa uani kwake anachambua mchele kwenye uteo. Hakuinuka. Akanionyesha kibao nikakaa.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," nikasema.

"Mtoto hana neno. Mtoto nimempenda." Akatupa kijiwe. "Mimi sikuja kwako kutizama mikono. Nilikuja kutizama mtu. Nikakuuliza mara moja, ukanipa sambusa. Nikakuuliza mara ya pili, ukanipa sambusa."

"Ndiyo."

"Kisha ukamkana kijana wa watu mlangoni, aliyekuja na haki yake. Kazi yako mwenyewe ukaikana. Sasa nikajiuliza, huyu mtoto akija hapa akapata dhiki, nyanyake atanambia kweli, ama nitapewa sambusa?"

Nikatoa mikono nikaiweka juu ya goti, juani. Ngozi ilikuwa imeanza kubanduka, maua ya piko yamebaki vipande vipande, na chini yake weusi wa aluminiamu uko pale pale.

"Hii si mafuta ya sambusa," nikasema. "Ni dawa ya kutoa rangi, na piko juu yake. Natoa rangi kwenye makava ya injini za pikipiki. Ndiyo kazi yangu. Kabla ya hapo nikiosha masufuria ya harusi, tangu nina miaka kumi na mmoja. Nilitia piko usinione mikono."

Akaacha mchele. "Masufuria ya harusi za wapi?"

"Za mji huu. Hata ya hapa. Ulipomuoza mwanao mkubwa, nilikuwa uani hapa hapa, pale penye bomba. Masufuria manne."

Alitazama penye bomba. Alitazama kwa muda, kama anatafuta mtu.

"Sikumbuki," akasema.

"Hungeweza kukumbuka. Mulikuwa mumeshaingia ndani."

Nilidhani nitafurahi kumwambia neno lile. Nimelibeba miaka. Lakini nilipoliona limefika usoni kwake, likanigeukia, maana nilikumbuka kuwa siku ile alinitumia sahani ya pilau kwa mkono wa mtu, na chupa ndogo ya marashi, na mimi yale marashi nikayamwaga kwenye mtaro kwa hasira. Hilo sikumwambia. Sasa nimelisema.

Akavuta uteo karibu. "Haya nenda nyumbani ukatie mikono samli. Nitawaambia wanaume wataje siku." Nilipokuwa mlangoni akaniita kwa ile sauti yake ndogo. "Na sambusa za shughuli mutanunua wapi?"

"Pale pale nilikonunua, bibi."

"Ni nzuri," akasema. "Lakini usiseme wewe umekaanga."

Nikaha ilifungwa baada ya Ramadhani. Baba mtu alikuja kutoka Malindi, akasimama kama walii wa kumuozesha binti, akala pilau, akarudi Malindi. Nilikaa mbele na wazee wa Kuze, mikono nje. Mwanamke mmoja aliitazama, nikamwambia kabla hajauliza. Nilikuwa nimeanza kuchoka kungoja kuulizwa. Lakini nisidanganye kwamba nilikuwa na raha. Mikono ilikuwa inataka kurudi ndani ya buibui yenyewe, kama paka anayetafuta mlango, na shughuli nzima nilikuwa nikiirudisha nje.

Mjukuu wangu sasa yuko Kuze na ana mimba. Akija kunitembelea husimama mlangoni akapiga hodi, "Nyumba ni hini?" kisha hucheka. Anafanya mzaha. Mimi humjibu, "Ndiyo hini, pita," na nacheka naye, na kila mara kuna kitu huniingia hapa chini ya ubavu. Sijamwambia aache. Naona ana haki.

Yule wa rangi ya meli nilimuomba radhi. Alisema ameshasahau, kisha akaniletea pikipiki ya shemeji yake.

Na kwa kuwa nimeshaikana nyumba yangu mbele za watu, nitaje hapa vilivyomo, kila mtu ajue ni vya nani. Nina vyumba vitatu vya nyumba isiyokuwa na ardhi, kuta ni zangu na kiwanja ni cha mwenye ardhi. Nina ua uliofunikwa nusu kwa mabati. Meza ya mbao ya kufanyia kazi, ndefu, na jiliwa moja la kubania makava lililofungwa juu yake. Mapipa matatu ya plastiki. Brashi za namna zote, na vifuu vilivyonolewa, debe zima. Glavu nene za mpira, pea mbili, za wafanyakazi wa matangi ya mafuta, na hizo nazivaa. Kibao mlango wa mbele, kimeandikwa "Hutoa rangi makava ya injini," na herufi moja imekaa upande. Mlango wa nyuma nimeuziba kwa matofali. Kitanda, kabati la vyombo, friji, jiko la gesi, redio. Buibui nne. Viganja viwili, cha kulia hakikunji sawasawa. Makava sita ya watu, ambayo si yangu, yako kivulini chini ya nailoni. Na bomba la maji langu mwenyewe, ndani ya ua wangu.